Madrapi yangu ya pamba (shuka za kitanda) imekuwa kijivu na ngumu tangu nifike Goma, niongeze javeli?

Swali: Jambo mama. Tulihamia Goma mwaka jana tukitoka Bukavu. Niko na drapi mbili nyeupe za pamba tupu, shangazi alinileteaka za zawadi ya ndoa, kule Bukavu zilikuwa laini mpaka wageni wanauliza nilizitoa wapi. Hapa zimegeuka kijivu, ngumu kama mufuko wa simenti, upande wa kichwa kuna manjano, na moja imeanza kupasuka katikati. Naweka sabuni mingi, naweka javeli (ile dawa ya kufanya nguo iwe nyeupe), lakini ni kama naharibu tu. Niongeze javeli ao nibadilishe sabuni?

Jibu: Jambo dada yangu, na pole sana. Javeli iache leo hii, hata mbele hujamaliza kusoma. Hizo drapi si kwamba ziko chafu sana, ziko zimejaa sabuni.

Maji yetu ya Goma inatoka Ziwa Kivu, hata ile ya robine inapandishwa na mashini toka ziwani, na maji ya lile ziwa imepita kwenye majiwe ya volkano, imebeba magnesiamu mingi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji ya vile povu inakataa kutoka, inageuka utando unaonata. Angalia pembeni ya basini yako ukimaliza kufula, kuna kamustari ka kijivu kanateleza ukipitisha kidole. Ile ile njo iko ndani ya drapi, imejishika kwenye kila uzi, na vumbi nyeusi ya Goma inakuja kujishika juu yake. Sasa wewe unaona povu hakuna, unaongeza sabuni, utando unazidi, nguo inakuwa kijivu, unaongeza javeli, na mzunguko unaanza tena. Mimi niko na presingi, nafulia watu nguo, na wateja wangu wengi wanaotoka Bukavu wananiletea kesi hiyo hiyo.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu. Twaa drapi moja ile umeshafula na umeshaanika, itie kwenye basini ya maji ya moto kidogo bila sabuni hata tone, ipige-pige kwa mikono dakika tano. Maji itakuwa nyeupe-nyeupe kama ya kuoshea mchele, na itateleza kati ya vidole. Nguo safi haifanye vile.

Kwa kuitoa, loweka kwenye maji ya moto ile mkono unavumilia, saa moja, bila sabuni, mwaga, rudia. Halafu weka maji lita 10 na nusu glasi ya siki nyeupe, ile tunaitaga vinegre, acha drapi humo nusu saa, kisha suuza kwa maji matupu mpaka maji ya mwisho iwe wazi kabisa, unaona chini ya basini. Mara ya kwanza unaweza maliza bidoni tatu ao ine kwa drapi moja, najua maji ni pesa na ni mgongo, lakini baada ya hapo hutarudia kila wiki. Ila sikiliza vizuri hapa: siki na javeli visikutane hata siku moja, hata ile javeli iliyobaki kwenye basini, vinatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Suuza basini kwanza.

Kuanzia hapo fulia sabuni ya unga, hiyo inavumilia maji magumu kuliko ya kipande, na vijiko viwili vya chakula kwa basini ya lita 20 vinatosha. Kazi kubwa ya drapi iko kwenye kusuuza, siyo kwenye povu. Na usiweke dawa ya kulainisha, inapaka nyuzi kitu kama mafuta, pamba inaacha kunyonya jasho.

Maji ya mvua nayo ni muzuri sana, ni maji laini, sabuni inatoa povu mara moja. Lakini mvua ya dakika za kwanza iache iende, inaosha vumbi ya mabati, na moshi ya volkano yetu ya Nyiragongo inafanya mvua yetu iwe na asidi, njo maana mabati inaoza haraka hapa. Bati lenye kutu litakuachia matone ya rangi ya chai kwenye drapi. Ikitokea, weka maji ya ndimu na chumvi kidogo pale pale, dakika kumi, suuza. Javeli kwenye kutu inaigandisha zaidi.

Sasa hiyo ya kupasuka. Javeli inakula pamba yenyewe, haichagui kati ya uchafu na uzi. Mwaka wangu wa pili wa presingi nililoweka madrapi sita ya hoteli moja kwenye javeli kali, usiku mzima, nilitaka ziwe nyeupe kabisa, asubuhi naanza kukamua ya kwanza ikaachana mikononi mwangu kama karatasi iliyoloa, bila sauti hata. Nililipa zote sita. Na kumbuka pamba nzima ikiloa inakuwaga na nguvu kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo drapi inayopasuka wakati wa kukamua, uzi wake ulishakufa mbele.

Manjano ya kichwani ni mafuta ya mwili, jasho na pomade. Javeli haitoi mafuta. Paka sabuni ya maji ya vyombo pale penye manjano ingali kavu, sugua polepole kwa kiganja, siyo brosi, acha nusu saa, ndipo uitie kwenye maji ya moto. Damu peke yake njo inataka maji baridi, ukiipiga maji ya moto imebaki.

Kuanika: Goma tuko karibu mita 1.500 juu ya bahari, jua letu ni kali, linasaidia nguo iliyoloa kuwa nyeupe, lakini ikikauka tu iondoe, jua la siku nzima linachosha uzi. Na tafazali usitandike drapi juu ya ukuta wa majiwe ya lava. Nawaona mamaa wengi wanafanya hivyo. Lile jiwe lina vijino vidogo, linakamata uzi mmoja, wewe unavuta drapi ukiingia nayo sababu ya mvua, uzi unatoka kama sentimita mbili, na tundu linaanzia hapo. Kamba tu, drapi ikunjwe mara mbili, sehemu ya kulalia iwe ndani sababu ya vumbi.

Fero (pasi) pitisha drapi ingali na unyevu kidogo, na kamwe usipige fero drapi yenye sabuni ndani, moto unaigeuza manjano mara hiyo hiyo. Kama ni fero ya makala (makaa), pitisha kwanza kwenye kitambaa cha zamani.

Ile iliyopasuka usiitupe. Kama tundu haliko kubwa, peleka kwa fundi wa mashini, aikate katikati kwa urefu, pale pameisha, atoe upana wa mkono mmoja, halafu zile pembe za nje, ambazo hazijalaliwa sana, azishone pamoja ziwe katikati mpya. Zile za kati zilizochoka zinakuwa pembeni, zinaingia chini ya matela. Mwambie ashone mshono bapa ili usikusumbue mgongo. Mimi mwenyewe niko na moja ya vile nyumbani, tunaendelea kuilalia.