Mafuta yaje mwisho

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mlo usio na nyama, maziwa wala mayai unaweza kuridhisha familia ya Nairobi. Unaweza, na sufuria moja ya dal, mchuzi mzito wa kamande wa Kihindi, inatosha kunipa ushahidi. Ila ipikwe kwa utaratibu wake, si kwa ule tuliouzoea.

Wengi wetu huanza na kitunguu. Tunakikaanga, tunatia nyanya na bizari, tunamwaga ndengu au maharagwe, kisha mchuzi unatokota hadi ukolee. Ni mapishi mazuri, nami nimelelewa nayo. Lakini bizari ikichemka majini nusu saa nzima, harufu yake nyingi hupotea na mvuke. Dal hugeuza mambo: kamande huiva kwanza, na kukaanga kunakuja mwishoni kabisa. Mama mmoja wa Kigujarati, jirani yetu wa zamani pale Ngara, alikuwa akisimama kando yangu jikoni na kunikumbusha, "Mafuta yaje mwisho, beta," yaani mwanangu.

Mimi hutumia kamande nyekundu, zile zinazouzwa kwa jina la masoor. Ni kamande zilezile za kahawia, ila zimeambuliwa maganda na aghalabu kupasuliwa. Kwa hivyo hazihitaji kulowekwa, na nawasihi sana wapishi wenzangu wasizitie magadi. Magadi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na humu hamna ganda gumu la kulainisha. Zioshe hadi maji yatoke safi, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano, kisha engua povu. Mji wetu uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ndiyo sababu mapishi yanayodai dakika 15 hutuacha na punje ngumu. Zipe 25. Nyanya zingoje kwanza, kwa kuwa uchachu wake huchelewesha kamande kulainika. Zitie pamoja na chumvi punje zikishavurugika na rangi kuwa ya manjano.

Sasa tufike penye utamu. Bandika karai dogo lenye vijiko vitatu vya mafuta. Dondosha punje moja ya bizari nyembamba. Ikizama kimya, subiri. Ikizungukwa na vipovu papo hapo, mimina kijiko kizima cha chai. Punje zikianza kuwa za hudhurungi, tia kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba, na usiondoe macho. Kingo zikipata rangi ya dhahabu, epua, ndipo utie pilipili ya unga, kwani huungua upesi ikawa chungu. Mwagia yote juu ya kamande, yatachachatika kwa kishindo, kisha funika mara moja kwa dakika mbili. Harufu ya bizari huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na mafuta hayo ndiyo yanayoisambaza sufuria nzima. Wahindi huita hatua hii tadka, nami naamini hapa ndipo mlaji wa nyama anapovutwa.

Hoteli nyingi hutumia samli. Mafuta ya alizeti yanatosha kabisa. Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini yenye asili ya India, ambao wengi wao hawali kitunguu wala saumu, hutia mvuje, utomvu mkavu wenye harufu kali, kidogo tu kwenye mafuta ya moto. Utaupata kwenye maduka ya viungo ya Ngara na Parklands.

Kuhusu shibe, gramu 100 za kamande kavu zina protini ya gramu 24 hivi. Ukila na wali au chapati iliyokandwa kwa mafuta, kile kinachopungua kwenye protini ya kamande kinajazwa na nafaka, na kinachopungua kwenye nafaka kinajazwa na kamande. Kamulia ndimu mezani na unyunyize dania mbichi: vitamini C ya ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo kwetu birika halibandikwi hadi saa nzima ipite baada ya kula.

Ikibaki, kesho yake itakuwa imeganda. Ongeza maji moto, koroga taratibu, halafu kaanga bizari nyingine upya.