Usiandike kwenye /dev/sda wakati /dev/sda1 imemauntiwa

Acha hiyo dd (amri ya kunakili baiti ghafi) kwanza. Umeuliza kerneli inajuaje bloku iliyo kwenye kashe ya bafa (nakala za bloku za diski zilizowekwa kwenye RAM) ni ya diski gani, halafu mwishoni ukachomekea kwamba unataka kurekebisha superbloku (rekodi kuu ya mfumo wa faili) ya ext4 kupitia /dev/sda, yaani diski nzima, huku /dev/sda1, patisheni yake ya kwanza, imemauntiwa. Hapo ndipo tunapolilia data.

Kwa kerneli, diski ni namba tu. Tangu Unix toleo la 6 (1975), lenye bafa 15 nzima, getblk (funksheni ya kerneli inayotafuta bafa) hupewa namba ya kifaa na namba ya bloku, basi. Linux 2.6 ilileta pointa ya block_device (rekodi ya kifaa ndani ya kerneli) badala ya namba, lakini kila namba ina block_device yake, kwa hiyo mtego ni uleule. sda ni kifaa 8:0, sda1 ni 8:1 (namba kuu, kisha namba ndogo): diski moja, kashe mbili, na hazisalimiani.

Piga hesabu. Patisheni ikianza sekta ya 2048, superbloku iko baiti 1049600 ya sda (2048×512, jumlisha 1024). Ukiandika hapo, unachafua kashe ya 8:0. Kashe ya 8:1 bado imeshikilia nakala ya zamani, na ext4 haiiachii hadi umount. Ukiumount, inaiandika juu ya kazi yako. Ubaya zaidi, ukisoma tena kupitia sda unaweza kuoneshwa maandishi yako yakiwa salama kwenye kashe, wakati kwenye diski hayapo. Unaanza kulaumu diski, kebo, hadi TANESCO.

Na hao wanaojibu kila swali kwa “piga sync”, Mungu anawaona. sync inasukuma tu kurasa chafu (zilizobadilishwa kwenye kashe lakini hazijafika diski), haitupi zilizopitwa na wakati. Sync mara tatu ni dua, ndugu.

Ukitengeneza kwa mknod faili ya pili ya kifaa yenye 8 1, haina shida, kashe ni ileile. Ila faili moja ikiunganishwa kama diski kwenye loop0 na loop1 (7:0 na 7:1) ni msiba uleule.

Angalia `lsblk -o NAME,MAJ:MIN,MOUNTPOINT`. Kifaa kikimauntiwa kwa namba moja, usikiguse kwa nyingine. Umount, kisha `blockdev --flushbufs /dev/sda`, kisha `e2fsck -b 32768 -B 4096 /dev/sda1` kama bloku zako ni za KiB 4. Usihariri superbloku kwa mkono: ikiwa metadata_csum (cheksamu za metadata za ext4) imewashwa, cheksamu itakukataa hata ukipatia kila baiti nyingine.