Redio yako nayo inatuma

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini abiria wa ndege akatazwe kusikiliza redio yake ndogo ilhali redio "inapokea tu, haitumi kitu". Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga. Akatazwe, kwa sababu hayo maneno ya mwisho si kweli.

Anayebisha atafute redio mbili za FM za kizamani, zile za kuzungusha kitufe, aziweke mezani zikigusana. Moja aitulize kwenye 102.7, au popote karibu na hapo pasipo na stesheni, aiache ipige kelele zake: shiiii. Ya pili aizungushe polepole kuanzia chini. Ikikaribia 92, ile shiii ya redio ya kwanza inakatika ghafla, kama mtu kaziba spika kwa kiganja. Isogeze kidogo tu, kelele zinarudi. Wateja wangu wengine hudhani nimecheza na waya chini ya meza.

Kinachotokea ni kwamba ndani ya redio ya pili mna osileta, saketi inayozalisha mawimbi yake yenyewe, megahezi 10.7 juu ya stesheni unayosikiliza. Bila hayo redio za aina hiyo haziwezi kuchuja stesheni. Na mawimbi hayo huvuja nje: redio ya pili ikiwa 92, yanaangukia 102.7 na kuinyamazisha ya kwanza.

Haya, piga hesabu. FM inaanzia 88 hadi 108. Ongeza 10.7, unaingia hadi 118.7. Kati ya 108 na 118 ndiko inakofanya kazi mitambo ya redio ya kuongozea ndege: VOR, inayomwonyesha rubani yuko upande gani wa kituo kilicho ardhini, na ILS, inayomweka katikati ya njia ya kutua mawingu yakiwa yamefunga. Wewe umekaa dirishani unasikiliza 100.0, osileta yako iko 110.7, na hiyo ni masafa halali ya ILS. Wamarekani walianza kuzuia redio za FM ndegeni tangu 1961, na hawakuzuia kwa kupenda ukali.

Je, redio moja itaangusha ndege? Sidhani. Mawimbi yake ni hafifu, na redio nyingi za siku hizi za chipu moja zimeundwa kwa mpango mwingine kabisa. Lakini mhudumu hana bisibisi ya kufungulia redio ya kila abiria aone mna nini ndani. Nyimbo ulizohifadhi kwenye simu iliyowekwa hali ya ndege ni habari nyingine, hizo sikiliza.

Na ukweli ni kwamba hukosi kitu. Mawimbi ya FM husafiri kwa kuonana, yaani karibu kwa mstari ulionyooka, na kutoka futi 10,000 upeo wa mawimbi hayo unapita kilomita 220. Ukiwa juu ya Pemba, Mombasa, Unguja na Dar zote zinakufikia kwa pamoja. Zikikutana kwenye masafa mamoja, yenye nguvu inaimeza nyenzake, na ndege ikisogea mwenye nguvu anabadilika. Taarabu inakatizwa na taarifa ya habari, habari nayo inakatizwa na tangazo la sabuni. Masafa ya kati, yale ya AM, ndiyo kabisa, hayapenyi vizuri bati la ndege.

Ikiwa Simba na Yanga wanacheza na wewe uko angani, vumilia. Matokeo utayakuta kwa bodaboda wa kwanza nje ya uwanja wa ndege, na atakueleza kila goli lilivyoingia kabla hujamwambia unakwenda wapi.