Mpigie tu, mama

Shikamoo mama. Nimekuelewa: una miaka 67, mnaelewana na mwenzio wa darasa la mazoezi, ila unaogopa kumpigia usije ukaonekana king'ang'anizi. Mpigie. Mwulizie lile goti alilosema linamsumbua akipanda ngazi; mtu akiona amekumbukwa hufunguka. Kisha pangeni siku moja ya kila wiki mtembee pamoja, polepole. Utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, 2018, ulikadiria saa 50 hivi za kuwa pamoja kufikia urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kuwa wa karibu, kwa hiyo usimkatie tamaa mapema. Akianza kukopakopa au kuulizia akaunti yako ya benki, hapo simama, mwambie mwanao. Na upweke ukikunyima usingizi au hamu ya kula, muone daktari.