Kwa wanaoanza kazi ya uokoaji hapa Goma

Wadogo zangu mnaoanza kujitolea kwenye huduma ya kwanza, somo langu la kwanza nililipata majini, na nusura nizame nalo.

Kijana alikuwa anazama karibu na mahali watu wanapochota maji. Najua kuogelea, nikajitupa. Nilipomfikia alinipanda mabegani na kunididimiza kwa nguvu nisizodhani anazo. Mvuvi mmoja ndiye aliyetuokoa sote: alitupa bidoni (dumu) tupu ya lita 20 iliyofungwa kamba, tukaishika, akatuvuta. Anayezama mpe kitu cha kushika, usimpe mwili wako. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti lililotoka mji wa Minova lilizama Ziwa Kivu, mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma, watu wakiliona kutoka ufukweni. Tangu hapo kila ninayemfundisha namwambia: kabla ya kitu kingine, tafuta bidoni na kamba.

Mazuku ni hatari kuliko ziwa. Hewa hiyo, kaboni dioksidi, hutoka ardhini na ni nzito, kwa hiyo hulala mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Haina rangi wala harufu. Ukiona mtu ameanguka bondeni, pengine na mbuzi amelala kando yake, usishuke. Anayeshuka kumwinua huinama, na akiinama tu uso wake unaingia humo. Kitambaa puani hakisaidii. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu, au ngojea wenye mitungi ya hewa. Kungoja kunauma sana, najua.

Mtu akishatolewa majini, msikubali abinuliwe kichwa chini ati maji yatoke. Watu watapiga kelele, waacheni. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi 5. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea hivyo. Kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya dakika 2 mikono itachoka, mpokezane.

Ajali za pikipiki mtaziona kila wiki. Damu ikitoka kwa wingi, kunja kitenge, kandamiza jeraha kwa uzito wako wote, wala usifunue kila mara kutazama. Kumpakia majeruhi kati ya watu wawili kwenye pikipiki, kichwa kikining'inia, mimi nakukataa hata motari, yaani dereva wa pikipiki, akinitukana. Ombeni ubao au mlango kwenye nyumba ya jirani, na mmoja ashike kichwa njia nzima.

Wengine watafia mikononi mwenu hata mkifanya yote sawasawa. Funika mwili, baki hapo mpaka ndugu wafike. Mara ya kwanza mimi niliondoka. Baadaye mama wa marehemu alinitafuta, akaniuliza kama mwanawe alisema neno.