Ofa ya hoteli aliyotumiwa dada yako

Unauliza kama unaweza kutumia punguzo la hoteli alilotumiwa dada yako kwa barua pepe. Mara nyingi hapana, ndugu. Ofa za namna hiyo hufungwa kwenye akaunti ya mwenyewe. Ukiingiza ule msimbo wa punguzo kwenye akaunti yako, huenda bei ikabaki ileile. Afadhali yeye aweke nafasi kwa akaunti yake, kisha jina lako liandikwe kama mgeni, kama masharti yanaruhusu. Yasome yale maandishi madogo kule chini: ukikuta "haihamishiki", achana nayo. Bei ya wafanyakazi, yaani punguzo wanalopewa wafanyakazi wa hoteli au kampuni fulani, ndiyo usiiguse kabisa. Mapokezi wakidai kitambulisho cha kazi na huna, wanaweza kukutoza bei kamili hapohapo, mabegi yako yakiwa miguuni.