Swali la lugha: Fuvu la mtu ni sampuli, kielelezo au masalia?

SWALI: Naandaa, kwa niaba ya ukoo wetu, maelezo mafupi kuhusu mafuvu ya Wachagga yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni. Mimi niliandika "vielelezo", mwenzangu akafuta akaweka "sampuli". Nani yuko sahihi? Na je, naweza kusema "yamehifadhiwa"?

JIBU: Hapo nyote wawili mmeteleza, ila mwenzako kateleza zaidi.

Sampuli ni kiasi kidogo kinachochukuliwa ili kitoe habari za kitu kizima: damu, mkojo, udongo wa shambani. Watafiti wa Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu ya Afrika Mashariki na vya watu walio hai Tanzania, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba wamepata ndugu wa damu. Katika kazi hiyo sampuli zilikuwepo, za mifupa na za watu. Fuvu lenyewe ndilo lililotolewa sampuli. Ukiandika "sampuli za mafuvu zilipelekwa Ujerumani", msomaji ataelewa kuwa vilikwenda vipande tu vya kupimwa, kumbe vilikwenda vichwa vya watu.

Kielelezo, kwa upande wake, kipo ili kuonyesha jambo. Panga hupokelewa mahakamani kama kielelezo. Moyo uliotiwa kwenye chupa ya fomalini ni kielelezo cha kufundishia udaktari. Makumbusho ya Hunterian, London, yaliyotokana na mkusanyo wa mpasuaji John Hunter, aliyefariki mwaka 1793, yana chupa za namna hiyo rafu kwa rafu. Lakini humo humo alikuwamo Charles Byrne, Mwairishi wa kimo cha mita 2.3 hivi, aliyefariki mwaka 1783 akiwa ameomba azikwe baharini ili wapasuaji wasimpate. Hunter alimpata. Mifupa yake ikawekwa mbele ya watazamaji kwa zaidi ya karne mbili, na makumbusho hayo yalipofunguliwa upya mwaka 2023 haikuonyeshwa tena.

Angalia nilivyoandika: "alikuwamo". Ningeweza kuandika "kiunzi cha mifupa kilikuwamo", na sarufi isingenikataza. Kwa Kiswahili, hiyo *a-* au *ki-* ya mwanzo wa kitenzi tayari imeshasema kama unamtaja mtu au unataja kitu. Kwa hiyo "vielelezo" ni neno la mwenye kabati la maonyesho, anayewataja watu kama vitu. Wewe unaandika kwa niaba ya ukoo, nami ningechagua "masalia". Magazeti hupenda "mabaki", na si kosa, ila neno hilo hubeba pia mabaki ya chakula na ya ndege iliyoanguka.

"Kuhifadhi" halina tatizo, mradi usilichanganye na "kusitiri". Mwili huhifadhiwa mochwari usiharibike. Marehemu husitiriwa kaburini. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, Iringa. Mtu akiandika kwamba "limesitiriwa Kalenga" atakuwa amelizika kwa kalamu, ilhali wageni wanalitazama kwenye kioo.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Masalia ya Wachagga, yakiwemo mafuvu, yalichukuliwa enzi za utawala wa Wajerumani na kuhifadhiwa Berlin." Na ukijua jina la mtu, anza na jina, kisha kitenzi kifuate kwa *a-*.